Sheria ya Tisa ya Namishi

Samedi, 16 septembre

Mvua ya kwanza imeanguka leo na Namishi imefunguka. Mambo mbili siku moya! Naandika mbio mpaka mukono inashindwa kufuata kichwa.

Kama kuna mutu ataokota hii kaye, daftari yangu, siku moya, ajue: jina yangu Murhula, niko na miaka kumi na kenda, natengeneza téléphone pa soko ya Nyawera, Bukavu, pembeni ya meza ya maman. Yeye anauzisha sambaza, samaki ndogo ya ziwa. Hakuna mutu alinifundisha kazi. Nilifungua téléphone yangu mwenyewe mara makumi mbili, nikaiua, nikaifufua, mpaka nikajua. Na Namishi vilevile, niliitosha mu kichwa yangu peke.

Namishi ni inchi yenye iko chini ya ziwa yetu. Haiko mu kitabu, haiko mu téléphone, iko mu midomo ya batu ine: miye, Séraphine, Cédric na Ezéchiel. Miye ndiye mwenye kuongoza. Nasema: "Uko mbele ya mulango, samaki kubwa imelala pale, unafanya nini?" Mwenye kucheza anajibu, na kile anajibu kinafanyika. Basi. Dadu hakuna, karata hakuna. Lakini unatoka jasho!

Tunachezea mu garage ya tonton ya Séraphine, kule Muhumba. Motokari aliuzisha kitambo, kunabaki harufu ya mafuta tu. Carte ya inchi, ramani yake, nilichora nyuma ya mifuko ya simenti, nikabandika na bukari, ugali ya baridi. Na pa mulango nilipiga mustari ya chaki. Sheria ya kwanza: viatu inabaki inje ya mustari, na jina yako inabaki ndani ya kiatu. Ukivuka miguu wazi, uko mutu wa Namishi. Kile unafanya kule, ni ule mutu amefanya. Ukivaa tena viatu, umerudi Bukavu, na hakuna wa kukuuliza.

Cédric anauliza: "Na soksi?"

Séraphine anajibu: "Soksi ni douane, ushuru ya mupaka. Vua."

Séraphine anasoma droit, kazi ya ba-avocat, ku université, yeye njo ananisaidia kupanga sheria. Cédric anaendesha moto, pikipiki ya kubeba batu, na kuchekesha ni kazi yake ya pili. Ezéchiel ni mukubwa yetu, miaka makumi mbili na ine, fundi ya mbao. Namwitaka yaya, sawa ndugu mukubwa, juu alikuwa rafiki ya ndugu yangu Aganze. Walienda bote Kamituga kuchimba or, zahabu, imefika miaka tatu. Ezéchiel alirudi. Aganze aliendelea mbele, Salamabila, kule réseau ya téléphone ni shida. Lakini Ezéchiel anatuleteaka habari yake, kila batu benye kutoka kule banapita kwake.

Sheria zingine za Namishi, nisisahau: hakuna mvua (maji iko tayari juu ya kichwa). Hakuna kuchimba (udongo ni mugongo ya nyama moya kubwa yenye kulala). Hakuna moto wala tochi (mwanga inatoka ku samaki). Ukikosea, unalipa amande: unaimba mbele ya bote na muguu moya juu.

Lundi, 18 septembre

Téléphone tatu zenye kuingia maji. Mvua iko rafiki ya kazi yangu.

Samedi, 23 septembre

Leo tulikuwa karibu kupigana juu ya mandazi. Mufalme wa Namishi (ni Cédric) alikuwa na njaa, siku tatu hakula. Hapo Cédric anatosha mandazi mu mufuko, anaikula.

Nikasema: "Hapana! Mandazi ni ya Bukavu. Mufalme bado iko na njaa."

"Mwenye kuongoza, mandazi ni ya inje, nakubali. Na tumbo? Tumbo ni ya nani?"

"Ya Cédric."

"Basi Cédric ameshiba, na mufalme anakufa. Nani atamuzika? Na jeneza atabeba nani, kama mabega ni yangu?"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini nilirudi ku nyumba niko nawaza. Kweli, mwili inaingia na sisi. Jina inabaki mu kiatu, lakini njaa haibake. Mupaka iko na matundu. Ezéchiel tu njo hakoseake. Ule mutu anacheza sawa vile alizaliwa chini ya maji! Yeye ni Nyange, mwenye kuongoza safari: anatembea mbele na samaki ya mwanga, bengine banamufuata. Tangu tuanze, hajalipa amande hata moya.

Jeudi, 28 septembre

Ezéchiel alipita pa meza. Maman akaacha wateja bote.

"Eh, Ezé wangu! Mutoto yangu anasema nini?"

"Maman Eulalie, jana nilikutana na mutu ametoka kule. Aganze amenona! Na mutoto ameanza kusimama."

"Ananisimama! Bintu yangu ananisimama!"

Bintu ni mutoto ya Aganze na mwanamuke ya kule. Mwaka sasa maman iko namushonea kofia ya nyuzi. Alimalizaka moya, akasema mutoto ameshakuwa mukubwa, akafungua yote, akaanza ingine. Alimufungia Ezéchiel sambaza mu sachet, akakataa franga. Ezéchiel akabaki ameshika ile sachet.

Mutu muzuri sana. Namupenda sawa ndugu.

Samedi, 7 octobre

Hasira! Cédric aliongea Namishi inje. Pale motards banasimama, alihadisia bote kama Nyange aliibaka lulu ya mufalme. Maman moya akasikia kipande, sasa ku paroisse, kanisani, banasema Ezéchiel fundi mbao ni mwizi. Batu tatu bamemunyanganya kazi ya vitanda!

Nikamuambia Cédric: "Unaona vile ulifanya? Kitu moya, ndani ni hadisi. Unaivusha mustari bila kuiambia batu kama ni hadisi, inakuwa bongo, kitu ya kudanganya. Maneno ni yale yale!"

"Kwanza, nilisema Nyange, sikusema Ezéchiel."

"Ulisema 'Nyange, rafiki yetu fundi mbao'!"

Alienda kuomba musamaha kwa Ezéchiel na kwa bale bamaman. Na tukaandika sheria ya munane: kama unahadisia Namishi inje, sema kwanza ni Namishi. Séraphine alisaini. Ezéchiel alisoma ile sheria mara mbili, akacheka kidogo, akasema: "Ni vizuri mutu ajue wapi inaanzia."

Mercredi, 11 octobre

Mvua. Tumekula bukari na majani ya sombe. Hakuna kitu.

Samedi, 14 octobre

Ezéchiel anauliza maswali ya kweli, si sawa Cédric. Leo, mbele ya kuanza, tukiwa bado na viatu:

"Murhula, kitu moya mwenye kuongoza anapeana kule ndani. Kisha anaona alikosea. Anaweza ikamata tena?"

Nilifikiri sana. Swali nzuri! Juu kama naweza kamata tena, basi hakuna mwenye ataamini kitu ndani. Leo nakupa taji, kesho naamka vibaya nasema haikuwa. Inchi itaanguka. Nikasema hapana, hata miye siwezi. Nikaandika hapo hapo, na bic nyekundu:

*Sheria ya tisa. Kitu kimepeanwa ndani, kimepeanwa. Hata mwenye kuongoza hawezi kukirudisha.*

"Hata ungekuwa na hasira?" Ezéchiel akauliza.

"Hata ningekuwa mufu!"

Nilijisikia sawa mutu amejenga daraja.

Mardi, 17 octobre

Séraphine alikuya pa meza kunipa idée. Samedi tufanye hukumu ya Nyange. Anasema Nyange iko na siri: aliacha rafiki yake akufe mu safari moya. Na atakuwa mbele ya ndugu mudogo ya ule mufu. "Na ule ndugu mudogo, cheza weye mwenyewe. Hakuna mwengine ataweza."

Nilikubali na mikono mbili. Sijalala muzuri juu ya furaha.

Samedi, 21 octobre

Nitaandika yote juu sijaonaka kitu sawa hii!

Mvua ilikuwa napiga tôle ya paa mpaka ilibidi kuongea na nguvu. Cédric mufalme alikaa juu ya pneu ya zamani ya motokari. Miye nilikuwa Kamole, ndugu mudogo ya mufu. Nyange akaingia, miguu wazi, akapiga magoti bila mutu kumuambia.

Akaanza: "Kamole. Siku ile ilikuwa zamu yangu ya kushuka. Nilikuwa na homa. Nikamuambia ndugu yako: nenda pa fasi yangu leo, kesho nitaenda pa fasi yako. Akacheka. Akasema weye unapenda kulala tu. Akabeba tochi yangu, akashuka mu shimo. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu..."

Nikakata: "Nyange! Mvua gani? Amande!"

Aliniangalia. Sauti haikubadilika.

"Pardon. Si mvua. Maji. Maji ilikuwa naanguka siku ya tatu. Udongo ikakula shimo. Nilikuya mangaribi, nikakuta bamefunika. Kisha nikarudi kwenu na sikuweza kusema. Nilifika pa mulango, mama yako akanipa chakula, na mudomo ikakataa. Kesho ikakataa. Kisha nikasema iko muzima. Ile ilikuwa nyepesi. Kamole, nakuomba."

 Cédric mwenyewe alikuwa amefungua mudomo. Na miye, naandika ukweli: nilifikiri Aganze. Nilifikiri vile angekuwa amekufa, nikatia ile uchungu yote mu Kamole, na machozi ikatoka ya kweli, nikajiambia ndani: eh, Murhula, unacheza muzuri! Nikamushika kichwa.

"Nyange, nimekusamehe. Miye na nyumba yetu yote. Kuanzia leo hakuna neno katikati yetu."

Alianguka juu ya miguu yangu akalia sawa mutoto. Cédric akapiga makofi. Séraphine hakupiga. Alikuwa ameangalia chini.

Amande ya mvua nilimusamehea vilevile.

Dimanche, 22 octobre

Ezéchiel aliimba ku misa. Tangu nimujue hajaimbaka.

Samedi, 28 octobre

Hatukucheza, Cédric iko na malaria. Ezéchiel alikuya kwetu na bilauri mupya sita kwa maman, zawadi. Anaongea mingi, anacheka, anasema ataoa Mapendo, ule mwenye kuimba mu chorale. Maman akauliza: "Na Aganze, umemuambia?" Akajibu: "Tutaona, maman. Tutaona." Njo mara ya kwanza hakuleta habari.

Nikamuambia: "Yaya, Namishi itakujengea nyumba."

"Namishi ilishanijengea," akasema, akanifinya shingo.

Samedi, 4 novembre

Mvua ilikata barabara ya Muhumba, udongo yote chini. Niko ku nyumba. Nilisema nitasafisha registre ya mchezo, juu kila samedi naandikaka maneno ya batu.

Nilihesabu amande. Cédric: kumi na saba. Séraphine: ine. Ezéchiel: moya, ile ya mvua.

Kisha nikasoma tena ile siku. Haikuwa moya. Zilikuwa tatu. Nilikata mvua tu, zingine zilipita juu nilikuwa nalia. Alisema *shimo*. Namishi haina shimo! Alisema *tochi*. Namishi haina tochi! Mutu mwenye hakoseake, wiki tano, miguu wazi sawa samaki, anakosea mara tatu mu dakika mbili.

Nilikaa na ile kaye. Nikasema pengine alichoka. Nikasema pengine ilikuwa kelele ya tôle. Kisha nikaandika hizo tatu pamoja ku karatasi ya pembeni, mvua, shimo, tochi, nikauliza sawa vile naulizaka téléphone yenye kufa: hii inatoka wapi?

Kamituga.

Maman iko ananiita nikule. Siwezi.

Lundi, 6 novembre

 Leo nilienda ku atelier ya mbao ya Ezéchiel. Alikuwa anapiga randa ku mulango ya mutu.

"Yaya, Namishi hainyeshake."

Akacheka. "Tena mambo ya amande?"

"Ulisema mvua. Ulisema shimo. Ulisema tochi."

Randa ikasimama.

"Aganze iko wapi?"

Alimuangalia patron wake wa kazi, akaniambia tutoke. Tukasimama chini ya tôle, maji iko namwangika katikati yetu na barabara. Hakulia. Kama angelia pengine ningemushika.

"Murhula, ulishanisamehe."

Yesu! Sikusikia "alikufa". Nilisikia ile kwanza. Ile ingine ilikuya kisha, polepole, sawa muguu yenye ilikufa ganzi.

"Nilisamehe Nyange! Nyange hayuko mutu!"

"Ulisema: miye na nyumba yetu yote. Kitu kimepeanwa ndani, kimepeanwa. Nilikuuliza mbele. Ukasema hata ungekuwa mufu."

"Uliniuliza sheria, hukuniuliza ndugu yangu!"

"Ningekuuliza namna gani?" Sauti yake ikapanda mpaka mashine ya ndani ikazimwa. "Na viatu? Nilijaribu na viatu! Miaka tatu nakuya kwenu na viatu! Maman ananipa sambaza, najua leo nitasema, ananiuliza anasema nini mutoto yangu, na mudomo inajibu yenyewe!"

"Na Bintu? Mudomo yako ilizaa mutoto?"

Akapangusa mavumbi ya mbao ku mikono.

"Ulizaa mutoto, Ezéchiel."

Sikumuita yaya. Nikaenda mu mvua. Watu wa atelier walikuwa wanaangalia kama téléviseur.

Mardi, 7 novembre

Nilienda ku université kumungoja Séraphine. Nilienda kulia kwake, naandika ukweli. Nilitaka kumuambia: unajua vile alitufanya?

Nilimuambia. Hakushituka. Mutu anapashwa kushituka.

"Ulijua."

"Tangu janvier. Aliniambia."

"Janvier!"

"Murhula, ungemuona ule siku. Alitaka kujitupa mu ziwa. Nikamuambia aseme. Hakuweza. Kisha weye ukaleta Namishi yako, miguu wazi, jina mu kiatu, na nikafikiri: kama anaweza sema ndani, siku moya atapata nguvu ya kusema inje. Nilifikiri ni dawa."

"Na kama ni dawa, juu ya nini mulinipa miye kunywa?"

"Juu ya weye njo unaweza samehe. Hakuna mwengine."

"Mulinigeuza mulango."

"Ulikuwa mulango, ndiyo."

"Mulango haiulizwake kama inapenda kufunguliwa?"

Hapo njo alianza kulia. Na bado, bila haya, na ile droit yake, akasema kama juridiquement, mbele ya hukumu, sheria ya tisa ni yangu, niliiandika na mukono yangu, nyekundu. Niliona mudomo yake ikiongea. Ile mudomo njo ilisaidia kuandika inchi yote. Nikafikiri: kila samedi aliniangalia, alijua ndugu yangu iko chini ya udongo, na alibishana na miye juu ya soksi.

Mercredi, 8 novembre

Cédric alikuya na moto kuniuliza samedi tunacheza saa ngapi. Yeye hakujua kitu. Nilimuambia. Alitosha casque ku kichwa, akakaa chini mu tope na pantalon yake ya kazi. Akasema tu: "Na miye nilipiga makofi."

Jeudi, 9 novembre

Sijamuambia maman. Tangu lundi nakula na yeye, ananiambia nyuzi ya rose imeisha, nitafute ingine. Nikamuletea. Nilimuletea nyuzi!

Basi leo nimeelewa kitu, na ninaiandika juu itanichoma nisipoiandika. Nilifikiriaka mupaka ya hadisi ni ya kufungia hadisi, isitoroke. Si vile. Ni ya sisi, benye kusikiliza. Mustari ya chaki inakuambia: kuanzia hapa, uchague. Unataka, unavua viatu, unaingia, unalia, unatoka. Ezéchiel hakutupigiaka mustari. Alikuya na Salamabila, na unono, na mutoto mwenye kusimama, akaitandika mu nyumba yetu. Miaka tatu tuko miguu wazi mu hadisi yake na hakuna mwenye alituambia kama tumevua viatu.

Na kisha pale mustari ilikuwa, pale nilipiga na mukono yangu, akapita hapo na ukweli! Bongo alituletea na viatu, ukweli akaniletea miguu wazi. Aligeuza yote.

Na sasa na miye niko nafanya ile ile. Kila mara maman anaongea Bintu na miye najibu "ndiyo", niko naongoza mchezo.

Nilienda ku atelier ya Ezéchiel saa kumi. Nikamuambia: "Samedi, kwetu. Kama haukuye, nasema miye, na nitasema vile ulifanya."

Samedi, 11 novembre

Alikuya.

Maman alikuwa anachagua sambaza mu bassin, anatosha majani na mawe kidogo. Akainua kichwa na furaha yake ya siku zote. "Ezé! Mutoto yangu anasema nini?"

Miye nilikuwa nimesimama pa mulango. Niliona mudomo ya Ezéchiel ikianza kutengeneza jibu. Naapa niliiona, ilikuwa tayari. Kisha akaifunga na mukono.

"Maman Eulalie, Aganze alikufa. Kamituga. Shimo iliangukia yeye, mwezi ya novembre, ile mwaka tulienda. Salamabila hajafikaka."

Maman aliendelea kuchagua. Samaki moya, mbili, tatu. Akauliza na sauti ya soko, sawa anauliza bei:

"Alivaa nini?"

"Culotte ya bleu. Na tricot yangu."

"Walimuosha?"

"Walimuosha, maman."

"Padri?"

"Catéchiste."

"Weye ulikuwa pale?"

"Nilifika wakimaliza. Ilikuwa zamu yangu ya kushuka, maman. Alienda pa fasi yangu."

Samaki zingine. 

"Na ule mwenye kunona? Ule mwenye ulikutana naye septembre?"

"Hakuna mutu. Nilimutunga."

"Na mwanamuke?"

"Hayuko."

Maman aliacha bassin. Aliangalia kiti, pale kofia ya rose ilikuwa na sindano ndani.

"Na Bintu?"

Ezéchiel akatikisa kichwa.

"Lakini alishasimama," maman akasema. "Ulisema alishasimama."

Na hapo njo alilia. Kwanza alimulilia mutoto mwenye hakuzaliwaka. Alimuita na jina, akauliza nani atamuvika. Aganze alimulilia kisha, mangaribi, bajirani bamejaa nyumba. Ile sitasahau. Niliogopa kumuambia "maman, Bintu hakukuwaka", juu kwa yeye alikuwa, alimupima kichwa na macho mara mbili.

Ezéchiel alibaki chini, pa saruji, saa yote. Hakuna mwenye alimugusa. Alipoinuka, maman akasema: "Utatupeleka pa kaburi yake." Aliposema "ndiyo maman", akasema: "Usiniite."

Lundi, 13 novembre

Matanga. Séraphine alileta maji na kuni, akaosha sahani zetu zote. Nilimuambia aksanti sawa vile nasemaka kwa muteja. Hakuna kingine nilikuwa nayo.

Jeudi, 16 novembre

Barabara ya Kamituga. Jeep ilitufikisha mpaka pale macamion za mizigo ziko zimekwama mu tope, makumi mbili hivi. Tunaendelea na moto tatu. Ezéchiel iko mbele, anaonyesha njia. Maman hajamuongelesha tangu Bukavu. Miye naongea naye maneno tatu: simama, twende, ngoja.

Vendredi, 17 novembre

Tumelala kwa masista. Mvua.

Samedi, 18 novembre

Tulifika asubuyi. Makaburi iko juu ya kilima, chini yake unasikia bachimbaji bakiponda mawe. Muzee mwenye kuchunga pale alimuuliza Ezéchiel jina ya mufu. Ezéchiel alienda tu, kaburi baada ya kaburi, akasimama.

Musalaba ya mbao, ndogo. Majani imepanda. Maman akapiga magoti, akatosha majani, akafuta mbao na kitenge yake, akaniambia: "Soma, Murhula." Yeye hasomake.

Nilisoma. Nikasoma tena.

Iliandikwa EZECHIEL.

"Hii si yake," nikasema. "Umekosea kaburi."

"Ni yake." Alikuwa anaongea na ile mbao, si na sisi. "Ilikuwa zamu yangu. Mu kaye ya mwenye shimo, siku ile, ni jina yangu ilikuwa imeandikwa. Uso yake haikuonekana muzuri tena. Waliandika vile kaye ilisema. Nilifika, nikajisoma. Mutu moya ananijua akaniona, akafikiri niko mufu, akakimbia. Nami nikakimbia."

Ule muzee akasonga karibu, akamuangalia Ezéchiel juu mpaka chini. "Ule Ezéchiel wa Bukavu? Lakini weye tunakuombeaka kila novembre!"

Maman aliinuka polepole, magoti imejaa tope. Kwa mara ya kwanza tangu samedi ile ingine, alimuangalia usoni.

"Miaka tatu," akasema. "Miaka tatu mutoto yangu analala na jina ya mutu, na hata misa moya haijamufikia. Weye njo ulikula misa zake zote."

Ezéchiel akapiga magoti mu tope. 

Maman hakupiga kelele. Aliuliza muzee kama kuna rangi. Muzee akaleta mukebe ya rangi nyeupe, imebaki ya masista, na kijiti chenye kufungwa kitambaa. Kisu nilikuwa nayo, ile ya kufungulia téléphone. Nilikwangua ile jina, herufi moya moya. Mbao ilikuwa imelowa, ilitoka vipande vipande. Z ilikataa sana, ikaniumiza kidole. Kisha nikachovya kijiti, nikaandika AGANZE, na chini jina ya nyumba yetu, na mwaka yake ya kuzaliwa, juu bale baliandika kwanza hawakuijua.

Ezéchiel alikuwa amepiga magoti pembeni yangu, ameshika mukebe. Viatu alikuwa nayo, na tope mpaka ku magoti. Maman aliendelea kutosha majani, mugongo imetugeukia.

"Murhula," akasema polepole. "Hapa, sasa, miye Ezéchiel. Unanisamehe?"

Nilitafuta ndani yangu. Kweli nilitafuta, sawa vile natafutaka waya mu téléphone. Ile ya garage ilikuwa kule, kubwa, nzuri, na machozi yake. Ilikuwa ya Kamole. Ya kwangu sikuipata.

"Shika mukebe muzuri," nikamuambia. "Rangi iko inamwangika."